Ukuta Uliojengwa na Matetemeko

Katikati ya Julai 2007 ardhi ya kaskazini mwa Tanzania ilianza kutikisika, na haikutulia upesi. Tarehe 17 likaja tetemeko kubwa kuliko yote ya mfululizo ule, lenye ukubwa wa 5.9. Jijini Nairobi, zaidi ya kilomita 150 kutoka kitovu chake, wafanyakazi waliteremka ngazi za maghorofa wakakusanyika barabarani. Chini ya mlima Gelai, karibu na Ziwa Natron, wafugaji wa Kimaasai waliendelea kutikiswa kwa wiki kadhaa, mchana na usiku. Mwanzoni mwa Septemba, jirani wa Gelai, Oldoinyo Lengai, ukalipuka na kurusha majivu juu kabisa angani.

Mtikisiko na mlipuko ule vilikuwa na chanzo kimoja, na chanzo hicho msafiri anaweza kukitazama kupitia dirisha la Kosta inayotoka Arusha. Ndicho kilichonipeleka kwenye barabara ya Natron.

Gari linapita Kisongo na njia panda ya Monduli, linakata tambarare kavu za malisho, kisha linafika Makuyuni na kupinda kulia. Hapo ndipo ukuta unapojitokeza. Kwanza ni mstari wa buluu, halafu unageuka kijani, halafu miamba na vichaka vilivyoshikilia genge vinaanza kuonekana kimoja kimoja. Unaanzia kaskazini na kuishia kusini pale macho yanapochoka. Magari ya watalii huvuka mji wa Mto wa Mbu bila kusimama, yakaupanda ukuta kwa kona kali kuelekea Karatu na Ngorongoro, na abiria wake hushuka juu kupiga picha za Ziwa Manyara. Mimi haja yangu ilikuwa chini, pale ukuta unapogusa tambarare.

Sokoni Mto wa Mbu, mama mmoja muuza ndizi nyekundu alipoitikia shikamoo yangu aliniuliza kama natafuta gari la kwenda kreta. Nilipomwambia nimekuja kuangalia ukuta na maji yake, akaweka kisu chini. "Maji ya hapa hayajui kiangazi, mwanangu," alisema. "Makuyuni kule ng'ombe wanakufa kwa kiu, sisi huku tunapanda mpunga." Alinyoosha mkono kuelekea migomba iliyosimama nyuma ya vibanda, na nyuma ya migomba, msitu mrefu wa mikuyu.

Mvua inayoangukia Mto wa Mbu ni kidogo mno kuweza kulisha msitu wa namna ile. Maji yenyewe hunyesha juu, kwenye nyanda za Ngorongoro, yakazama katika miamba ya volkano yenye matundu mengi na kusafiri chini kwa chini. Yanapofika ukingoni hukutana na mwamba uliovunjikavunjika, yakapata njia na kutokeza chini ya ukuta yakiwa chemchemi. Mengine huzama zaidi, hupata joto la kina, na kurudi juu yakiwa ya moto. Ndani ya Hifadhi ya Ziwa Manyara pana mahali panapoitwa Maji Moto kwa sababu hiyo. Mashamba ya mpunga, migomba, kivuli cha msitu, hata mbu walioupa mji jina lake, vyote vinaishi kwa hisani ya mwamba uliovunjika.

Ukuta wenyewe ni uso wa mpasuko, yaani mahali ambapo miamba ilikatika na upande mmoja ukasogea ukauacha mwenzake. Namna unavyosogea hutegemea nguvu inayoisukuma miamba. Inapobanwa, upande mmoja hupanda juu ya mwingine. Hivyo ndivyo inavyotokea chini ya Himalaya, na ndivyo ilivyotokea Nepal mwaka 2015. Inaposuguana kando kwa kando, pande mbili hupishana bila kupanda wala kushuka, kama ilivyokuwa kusini mwa Uturuki mwezi Februari 2023, siku iliyoua zaidi ya watu 50,000 huko na Syria. Na inapovutwa, upande mmoja hushuka. Manyara inavutwa. Tambarare ya ziwa ndiyo iliyoshuka, na nyanda za Karatu zikabaki juu.

Wavutaji ni mabamba mawili ya ganda la dunia: la Nubia upande wa magharibi, lililobeba sehemu kubwa ya Afrika, na la Somalia upande wa mashariki. Yanaachana kwa milimita chache kila mwaka. Mtoto anayezaliwa leo Mto wa Mbu, akijaaliwa kufika miaka 70, atakuwa ameishi juu ya ardhi iliyotanuka pengine kwa sentimita 20. Ni kidogo, lakini kazi hii ya kuvutana haina likizo, nayo inafanyika kutoka Afar, Ethiopia, hadi Msumbiji. Nchini Tanzania, Bonde la Ufa linalotokana na mvutano huo limegawanyika mikono miwili. Wa mashariki unapita Natron, Manyara na kuelekea Dodoma. Wa magharibi unashika Tanganyika, Rukwa na Nyasa. Katikati umebaki mwamba wa kale, mgumu na baridi, ambao Ziwa Viktoria limekaa juu yake.

Jambo moja huwashangaza wanaofika Manyara wakitarajia bonde lenye kuta mbili. Ukuta ni mmoja tu, wa magharibi. Upande wa mashariki ardhi inapanda taratibu bila genge lolote. Mpasuko mkuu uko upande mmoja, na sakafu nzima ya bonde imeinama kuuelekea. Ndiyo maana ziwa limejibana magharibi, karibu chini ya ukuta.

Ingekuwa miamba inateleza vizuri, milimita zile zingepita kila mwaka bila mtu kusikia kitu. Lakini nyuso za mpasuko zimekwaruzana na kushikana. Mabamba yanaendelea kuvuta, mahali pa kugusana panakataa kuachia, na miamba ya pande zote mbili inapinda kidogo kidogo, kama ufito unaokunjwa gotini. Siku msuguano unaposhindwa, kilichopinda kwa karne nyingi hunyooka ndani ya sekunde chache. Huo mnyooko ndio tetemeko. Aliyeueleza vizuri ni Mmarekani Harry Fielding Reid, baada ya tetemeko la San Francisco la mwaka 1906. Alilinganisha vipimo vya ardhi vilivyochukuliwa kabla na baada, akachunguza nyua za mashamba zilizokatwa katikati na vipande vyake kuachana, kisha akahitimisha kwamba nguvu ilikuwa imehifadhiwa ndani ya mwamba muda mrefu kabla ya siku yenyewe.

Reid alichapisha maelezo yake mwaka 1910. Mwaka huohuo, tarehe 13 Desemba, bonde la Rukwa kusini magharibi mwa nchi ambayo wakati ule ilikuwa koloni la Ujerumani lilitoa ushahidi wa maneno yake. Lilipiga tetemeko la takriban 7.4, kubwa kuliko jingine lolote lililopimwa Afrika Mashariki katika karne nzima ya 20. Namba hizi haziongezeki kwa kujumlisha. Kila daraja moja linapopanda, nguvu inayotoka huzidi kwa takriban mara 32. Tetemeko la Rukwa lilitoa nguvu zaidi ya mara 170 kuliko lile la Gelai lililowatoa watu maofisini Nairobi. Nadhani kila mwanafunzi wa Tanzania angepaswa kuijua tarehe ile ya Rukwa, kama anavyozijua tarehe za vita. Wengi niliowauliza njiani hawakuwahi kuisikia.

Nikiwa chini ya ukuta nilipiga hesabu ya haraka. Kaskazini mwa hapa, Subukia nchini Kenya, usiku wa tarehe 6 Januari 1928, tetemeko la 6.9 lilichana ardhi kwa urefu wa kilomita zipatazo 38, na mahali pengine upande mmoja ukashuka zaidi ya mita mbili. Tuseme kila tetemeko kubwa la Manyara liliishusha sakafu kwa mita moja. Ukuta una mamia ya mita, tena sehemu yake ya chini imefukiwa na tope la ziwa. Basi hapa yamepita matetemeko makubwa kwa mamia, katika muda wa takriban miaka milioni moja. Mtu anayetaka kujua kama Tanzania ina matetemeko hana haja ya kusubiri taarifa ya habari. Asimame Mto wa Mbu, atazame magharibi.

Basi la Loliondo linaondoka Mto wa Mbu likifuata mguu wa ukuta kwenda kaskazini. Mashamba yanabaki nyuma, vumbi la kijivu linaingia kila mahali, na ukuta unabaki kushoto saa zote. Abiria walikuwa wamebeba magunia ya mahindi na mafuta ya kupikia, na kijana mmoja alikuwa amempakata mbuzi mdogo aliyelala njia nzima.

Engaruka nilishuka. Chini ya ukuta, vijito vinapotoka kwenye makorongo, kuna magofu ya mawe yanayoenea eneo la kilomita za mraba zipatazo 20: matuta, mifereji, misingi ya nyumba. Kati ya karne ya 15 na ya 18, wakulima ambao hakuna anayejua kwa hakika walikokwenda walilima hapa kwa kumwagilia. Nilipiga magoti kando ya mfereji mmoja. Mawe yamepangwa pande mbili kwa mkono, makubwa chini na madogo juu, na mtelemko wake ni mdogo kiasi kwamba jicho haliuoni. Maji tu ndiyo yangeuona. Aliyeupanga alifahamu kwamba ukuta unatoa maji, akaweka jamii nzima mahali maji yanapotokea. Ni chaguo lilelile la watu wa Mto wa Mbu wa leo. Watu hufuata mipasuko kwa sababu ndipo penye maji, udongo mpya na njia za kupita, na kwa kufanya hivyo hujisogeza wenyewe karibu na matetemeko. Sioni ujinga wowote katika chaguo hilo. Ila lina gharama ambayo lazima ihesabiwe.

Baada ya Engaruka nchi inakuwa kavu kupita kiasi, kisha Lengai inasimama peke yake, mlima mrefu wenye mabega makali, ambao kwa Wamaasai ni Mlima wa Mungu. Lava yake haina mfano kwa volkano nyingine yoyote hai duniani. Imejaa soda badala ya madini ya kawaida ya miamba, hutoka ikiwa na joto la nyuzi 500 hadi 600 tu za Selsiasi, wakati lava nyingi huzidi 1,000. Hutiririka nyeusi, halafu ikiguswa na unyevu huwa nyeupe ndani ya siku chache.

Kijiji cha Engaresero kiko kati ya mlima huo, ukuta na Ziwa Natron. Karibu na ufuko, juu ya majivu ya volkano yaliyogeuka mwamba, zimehifadhiwa nyayo za binadamu zaidi ya 400, za kati ya miaka 19,000 na 5,700 hivi iliyopita. Wengine walikuwa wanatembea, wengine wakikimbia. Vidole vinaonekana, kisigino kinaonekana, na mahali mtu alipoteleza kwenye tope tope limepanda kando ya mguu. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Watu wale waliishi chini ya mlima huuhuu na juu ya mpasuko huuhuu, na bila shaka waliwahi kutikiswa.

Kijana aliyeniongoza alikuwa mchunga mbuzi mdogo mwaka 2007. Nilimwomba anieleze tetemeko lilivyokuja, naye akaeleza kwa mpangilio ambao ungemfurahisha mwalimu wa jiolojia. "Kwanza unasikia chini kunanguruma," alisema. "Hujakaa sawa, ndipo inakuja ile ya kukuyumbisha. Mbuzi walikuwa wanashtuka kabla yetu."

Alikuwa anaelezea mawimbi mawili tofauti. Mwamba unapoachia, wimbi la kwanza huusukuma na kuuvuta mwamba kuelekea linakokwenda, na husafiri kasi ya takriban kilomita sita kwa sekunde. Hilo mara nyingi husikika kama ngurumo au mtikiso mdogo, na wanyama hulihisi upesi. La pili huutikisa mwamba kwa upande, huenda kwa zaidi kidogo ya nusu ya kasi hiyo, lakini ndilo lenye nguvu ya kubomoa. Nafasi kati ya mawili hayo hupimwa ili kujua tetemeko liko mbali kiasi gani. Kwa aliyekuwa Engaresero nafasi hiyo ilikuwa ya sekunde chache. Kwa aliyekuwa Nairobi ilikuwa karibu 20. Vituo vitatu au zaidi vikilinganisha sekunde zao, kitovu hupatikana.

Kilichotokea chini ya Gelai mwaka ule kilionekana kwa rada za setilaiti, zinazopima ardhi ikipanda au kushuka hata kwa sentimita. Kwanza mpasuko mmoja uliteleza polepole, kwa siku kadhaa, bila kishindo kinacholingana na mwendo wake. Halafu miamba iliyoyeyuka ikapenya kwenda juu kupitia ufa wima wenye urefu wa kilomita kadhaa, ikautanua kwa mita zipatazo mbili, na ikagandia humohumo bila kufika juu. Ardhi iliyo juu yake ikazama na kupata nyufa. Ndani ya wiki chache eneo lile lilitanuka kiasi ambacho kwa mwendo wa kawaida wa mabamba kingechukua mamia ya miaka. Gelai yenyewe ilikuwa imezimika zamani na haikutoa kitu. Mlipuko ukatokea kwa jirani yake.

Hili ndilo lililonibadilisha fikra kuhusu Bonde la Ufa. Shuleni tulilichora kama jambo lililokwisha, bonde lililofanyika zamani likabaki kuwa mandhari. Pale Natron linafanyika sasa, na wapo watu wazima wanaokumbuka kipande kimoja cha kufanyika kwake.

Tetemeko lile la 5.9 halikuacha misiba ya kuandikwa katika historia. Tambarare za Gelai hazina watu wengi, na nyumba ya Kimaasai ya fito iliyokandikwa kwa samadi ni nyepesi: huyumba na kurudi, na hata ikianguka haimpondi aliyemo. Lakini Engaresero ya leo inajengwa kwa tofali za saruji na bati. Watu wanastahili nyumba za kudumu, na hakuna mwenye haki ya kuwaambia wabaki kwenye fito. Swali ni nyumba ile ya tofali imefungwa vipi.

Swali hilo linajibiwa upande wa pili wa Ziwa Viktoria. Nilipanda meli ya usiku kutoka Mwanza, nikashuka Bukoba asubuhi na mapema.

Mji umelala kati ya ziwa na magenge, kijani kila upande, na mtu asiyejua hangeuhesabu miongoni mwa miji ya matetemeko. Haumo kwenye mkono wa mashariki wa bonde wala wa magharibi. Hata hivyo, Jumamosi tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, mkoa wa Kagera ulipigwa na tetemeko lenye ukubwa wa 5.9. Ni namba ileile ya Gelai. Safari hii watu wasiopungua 17 walifariki, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba zilianguka au kupata nyufa zisizokalika. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, za zamani na zenye jina, ziliharibika kiasi cha kufungwa kwa muda. Mtikisiko ulifika Uganda, Rwanda na Kenya.

Wapimaji waliweka chanzo chake kwenye kina cha takriban kilomita 40. Katika ardhi yenye joto, kwa kina hicho mwamba huwa laini na hujinyoosha badala ya kukatika. Kagera imekaa pembeni mwa ule mwamba wa kale na wa baridi, ambao hubaki mgumu hata mbali chini, kwa hiyo unaweza kuvunjika mahali ambapo mwingine ungepinda. Mwamba wa namna hiyo hupitisha mawimbi mbali bila kuyafifisha, ndiyo maana majirani wa nchi tatu waliyahisi. Kina kilipaswa kuwa nafuu, kwa maana kilomita 40 za mwamba zinapunguza ukali kabla haujafika juu. Na bado watu walikufa.

Ng'ambo ya mpaka, Waganda wa kale walikuwa na Musisi, mungu wa matetemeko. Watu hawaliwekei jambo mungu wake kama jambo lenyewe halirudi mara kwa mara. Machi 1966, Toro, magharibi mwa Uganda, ilipoteza zaidi ya watu 100. Mwishoni mwa mwaka 2009 Karonga, kaskazini mwa Malawi, ilitikiswa kwa majuma. Agosti 2020 ilikuwa zamu ya Dar es Salaam: tetemeko la baharini la takriban 6.0 liliwatoa watu ghorofani usiku, na mji ambao haukuwahi kujiweka kwenye orodha hii ukajikuta umo. Mwaka baada ya mwaka tunashtuka upya, kana kwamba kila moja ni ajali ya peke yake.

Viunga vya Bukoba bado vina alama. Nilionyeshwa nyumba moja ya tofali za kuchoma iliyosimama bila mtu. Ufa wake unaanzia kona ya dirisha na kupanda kwa ngazi, ukifuata udongo uliounganisha tofali, hadi chini ya paa. Tofali zenyewe ni nzima karibu zote. Vilivyoshindwa ni viungo vya kati yao. Ukuta wa pembetatu, ule unaofunga mwisho wa paa, haupo tena. Huwa mzito, uko juu, na hakuna kinachoushika kwa nyuma, kwa hiyo ndio hutangulia kuanguka. Ndani, mahali kuta mbili zinapokutana, kona imeachana. Unaweza kupitisha kiganja.

Kona ile inaeleza karibu kila kitu. Nyumba ya kawaida hubeba uzito unaokwenda chini, na tofali hubeba uzito wa namna hiyo vizuri sana. Tetemeko huleta nguvu ya pembeni, huku na huku. Ukuta mmoja hutaka kwenda kaskazini, mwingine magharibi, na kama hakuna kilichozifunga pamoja, kila ukuta husimama peke yake, kisha huanguka peke yake. Dawa yake inajulikana na haihitaji mtambo: mkanda wa zege wenye nondo, unaozunguka nyumba nzima juu ya madirisha bila kukatika, saruji ya kutosha kwenye udongo wa kuunganishia, madirisha yasiyokaribia kona, na paa jepesi lililofungwa kwenye mkanda huo. Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania, yenye makao Dodoma, hupima matetemeko na kutoa elimu ya kujihadhari. Lakini kati ya elimu hiyo na ukuta unaopanda leo yupo fundi, na yupo mwenye nyumba anayehesabu fedha.

Nilimkuta fundi mmoja, mzee wa makamo, akifunga nondo za mkanda kwenye nyumba ya vyumba vitatu. Alinionyesha kazi yake bila kuacha kuifanya: nondo nne za milimita 12, ringi kila shibiri moja, waya wa kufungia ukizungushwa kwa koleo mara mbili na kukatwa. Kwenye kona alisimama. Nondo za ukuta mmoja hazikuishia pale. Alizipindisha na kuziingiza ndani ya ukuta wa pili, kipande kirefu kuliko mkono wake, akazifunga na zile za upande huo.

"Zamani tulikuwa tunazikata hapahapa konani," alisema, akigonga mahali penyewe kwa koleo. "Ukimwaga zege haionekani. Mwenye nyumba anaokoa nondo moja, nondo mbili. Baada ya 2016 nikaona nyumba zimefunguka hapohapo tulipokata."

Nilimuuliza kama wateja wanakubali gharama. Akasema waliokuwepo siku ile hawabishani naye. Wanaobisha ni vijana waliohamia baadaye, na wale wanaojenga wakiwa mbali, wanaotuma fedha kwa simu na kuulizia bei tu. Mwenye nyumba ile alikuwa mmoja wao, yuko Mwanza. Wiki iliyopita alipiga simu akitaka nondo za mkanda zipunguzwe ziwe mbili.

"Nimemwambia aje mwenyewe aone hii kona kabla sijamwaga zege," fundi alisema. "Anakuja Jumamosi."